Wayahudi wa Mbale: Nani awatambue, nani awagharamie?

JIJI la Mbale, mashariki mwa Uganda, linajulikana kwa mambo matatu: kahawa ya Mlima Elgon, jando la Wagisu linalofanyika kila baada ya miaka miwili, na Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichoanzishwa mwaka 1988. Jambo la nne linajulikana zaidi New York na Los Angeles kuliko Nairobi au Dar es Salaam. Katika kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya jiji, kuna sinagogi ambalo kila Ijumaa jioni husikika zaburi zikiimbwa kwa Kiebrania na Kiganda.

Waumini wake ni Abayudaya, neno la Kiganda lenye maana ya Wayahudi. Wanakadiriwa kuwa 2,000 hivi, wakiwa wametawanyika Nabugoye, Namanyonyi na vijiji vingine vya mashariki mwa nchi, hadi Namutumba. Wengi ni wakulima wadogo, majirani wa Wakristo na Waislamu, na hula ugali na matoke kama wao.

Kwa miaka mingi habari zao zimekuwa zikisimuliwa kama kioja: Waafrika weusi wanaoshika Sabato na kusoma Torati. Mtazamo huo umefunika maswali mawili mazito ambayo ndiyo yatakayoamua hatima ya jumuiya hii. La kwanza ni nani mwenye mamlaka ya kuwatambua kuwa Wayahudi. La pili ni nani atakayegharamia shule, zahanati na miradi iliyoanzishwa kwa jina lao. Yakitazamwa kwa makini, maswali hayo hayatenganishwi kwa urahisi, kwa kuwa majibu ya yote mawili yamekuwa yakitafutwa ng'ambo.

Asili isiyo ya kuletwa

Ipo dhana iliyozoeleka kwamba Wayahudi wa Uganda ni masalia ya mpango wa mwaka 1903, pale Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alipowaahidi viongozi wa harakati za Kizayuni ardhi ya Afrika Mashariki. Dhana hiyo si sahihi. Ardhi iliyokusudiwa ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, ambao leo uko Kenya, na Mkutano wa Kizayuni uliukataa mpango huo mwaka 1905.

Chimbuko la Abayudaya ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kueneza himaya yao mashariki mwa Uganda mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kakungulu alitarajia kutawazwa kuwa mfalme wa nchi alizoziteka. Waingereza hawakumpa ufalme huo, na mamlaka yake yakapunguzwa hatua kwa hatua.

Aliyetoswa na wakubwa wa dola aliachana pia na kanisa lao. Alijiunga na Bamalaki, kundi la kidini lililopinga matumizi ya dawa za hospitali, akazama katika kusoma Agano la Kale. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe. Kwa Muganda wa wakati ule hilo lilikuwa tendo zito, maana Waganda hawakuwa na mila ya jando kama Wagisu waliomzunguka. Alipoambiwa kwamba tohara ni jambo la Wayahudi, alijitangaza kuwa Myahudi.

Mwaka 1920 alifika Myahudi mgeni aliyejulikana kwa jina la Yosef, ambaye kwa miezi michache aliwafundisha kalenda ya sikukuu na kanuni za vyakula. Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu kwa Kiganda chenye sala na maelekezo ya dini. Alifariki Novemba 1928, akiwaacha wafuasi ambao hawakuwa na rabi wala shule ya dini, na ambao mawasiliano yao na Wayahudi wa nchi nyingine yalikuwa haba.

Historia hii ina uzito katika mjadala wa leo. Abayudaya hawakuongozwa na wamisionari na hawakuahidiwa chochote. Walijiingiza wenyewe katika dini ambayo kwa desturi haitafuti wafuasi, na wakaishi humo kwa miongo kadhaa bila kumtegemea mtu. Ndiyo maana suala la kutambuliwa kwao limekuwa gumu: utaratibu uliopo uliwekwa kwa ajili ya mtu anayejiunga na jumuiya iliyokwishakuwapo, ilhali wao waliiunda jumuiya kwanza.

Miaka ya Amin

Idi Amin alitwaa madaraka Januari 25, 1971. Mwaka uliofuata aliwafukuza Waisraeli waliokuwa Uganda, na ibada ya Kiyahudi ikapigwa marufuku. Masinagogi yalifungwa. Tukio la Entebbe la Julai 1976, ambapo makomandoo wa Israel waliwaokoa mateka waliokuwa wanashikiliwa uwanja wa ndege, lilizidi kuifanya dini hiyo kuwa jambo la hatari.

Wengi walihamia Ukristo au Uislamu. Inakadiriwa kuwa waumini walipungua kutoka takriban 3,000 hadi 300 hivi. Waliobaki waliswali kwa siri majumbani.

Majeshi ya Tanzania, yakiwa pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, yaliutia mkononi mji wa Kampala Aprili 11, 1979. Jioni ya siku hiyo hiyo, kwa kalenda ya Kiyahudi, ndiyo ilianza Pasaka, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Kwa Abayudaya, sadfa hiyo imekuwa sehemu ya imani. Kwa msomaji wa Tanzania ni ukumbusho kwamba gharama za Vita vya Kagera zilifungua pia mlango mdogo ambao wengi hawakuufahamu.

Kufufuka kwa jumuiya kulianzishwa na vijana katika miaka ya 1980, walioamua kuishi na kujifunza pamoja Nabugoye. Miongoni mwao walikuwamo ndugu wawili, Joab Jonadab Keki na Gershom Sizomu, ambao majina yao yangekuja kujulikana nje ya mipaka ya Uganda. Miaka ya 1990 wageni wa Kiyahudi kutoka Marekani walianza kufika, na shirika la Kimarekani liitwalo Kulanu, lililoanzishwa mwaka 1994, likawa mmoja wa wafadhili wao wakuu. Mwaka 2002 baraza la marabi wa mkondo wa Masorti, ambao Marekani huitwa Conservative, lilifika Mbale na kuwapokea rasmi katika dini takriban watu 400.

Maisha ya kila wiki

Sabato huanza jua linapotua Ijumaa na kumalizika usiku wa Jumamosi. Kwa msomaji wa Kiswahili hesabu hiyo si ngeni. Waswahili wa kale nao walihesabu siku kuanzia magharibi, usiku ukitangulia mchana.

Kushika Sabato katika mazingira ya mkulima wa Mbale kuna gharama yake. Jumamosi ni siku ya soko na ya kazi kwa majirani wote. Mwajiri asiyeielewa dini hii hana sababu ya kutoa ruhusa. Nyama nayo ni tatizo, kwa kuwa mchinjaji wa kawaida katika machinjio mengi ya Uganda ni Mwislamu, ilhali Abayudaya huchinja wenyewe kwa kufuata kanuni zao. Familia isiyo na mchinjaji karibu hukaa bila kitoweo hicho.

Muziki ndio uliowatangaza zaidi. Zaburi na sala wanazoziimba kwa Kiganda zimetungwa kwa mahadhi ya Kiafrika. Santuri ya nyimbo zao, iliyotolewa na Smithsonian Folkways mwaka 2003, iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Tangu wakati huo jina la Nabugoye likaingia katika orodha ya sehemu ambazo Myahudi wa Marekani anayezuru Afrika Mashariki hupenda kufika.

Mwaka 2008 Sizomu alihitimu masomo ya urabi Los Angeles, baada ya miaka mitano, akarejea nyumbani kuongoza watu wake. Mwaka 2016 sinagogi jipya na kubwa, linaloitwa Stern, lilifunguliwa Nabugoye kwa fedha za wafadhili wa nje.

Huduma zinazovuka mpaka wa dini

Jengo la ibada ni sehemu ndogo tu ya kazi ya jumuiya hii. Inaendesha shule ya msingi ya Hadassah na sekondari yenye jina la Semei Kakungulu. Katika shule hizo wanafunzi Wayahudi hukaa dawati moja na Wakristo na Waislamu. Kituo cha afya cha Tobin, kilichofunguliwa mjini Mbale mwaka 2010 kwa msaada wa taasisi ya Kimarekani ya Be'chol Lashon, huhudumia mgonjwa wa dini yoyote. Visima na vyandarua vya kuzuia malaria vimegawiwa kwa utaratibu huo huo.

Hapa kuna mabadiliko makubwa ya fikra. Kabla ya kuwa Myahudi, Kakungulu alikuwa katika kundi lililokataa dawa. Warithi wake leo wanajulikana mjini kwa kuitoa.

Mradi uliovuma kuliko yote ni wa kahawa. Septemba 11, 2001, Keki alikuwa New York na alilishuhudia shambulio la majengo ya World Trade Center. Aliporejea aliwaendea majirani zake nyumba kwa nyumba, akiwashawishi Wakristo na Waislamu waanzishe pamoja na Wayahudi ushirika wa wakulima. Ushirika huo ulianza mwaka 2004 na kuitwa Mirembe Kawomera, maneno ya Kiganda yenye maana ya amani tamu. Kahawa yake ya arabika iliuzwa Marekani kupitia kampuni ya Thanksgiving Coffee ya California, kwa bei ya biashara ya haki, na mamia ya wakulima walijiunga.

Hesabu ya ushirika huo ni nyepesi kuielewa. Mkulima mwenye shamba dogo la mlimani, akiuza peke yake, hupokea bei anayotajiwa na mchuuzi. Akiungana na wenzake hupata mzigo wa kutosha kumfikia mnunuzi wa nje moja kwa moja. Wayahudi peke yao, kwa uchache wao, wasingefikisha mzigo huo. Waislamu na Wakristo peke yao wasingempata mnunuzi aliyevutiwa na habari ya dini tatu kushirikiana. Kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwingine hakuwa nacho, na ndiyo maana amani hiyo ilikuwa na msingi imara kuliko hotuba.

Matunda ya ujirani huo yalionekana kwenye sanduku la kura. Mwaka 2002 Keki alichaguliwa kuongoza serikali ya mtaa ya Namanyonyi, na mwaka 2016 Rabi Sizomu alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini kwa tiketi ya chama cha upinzani cha FDC, akahudumu hadi mwaka 2021. Wapiga kura wa eneo hilo kwa sehemu kubwa sana si Wayahudi. Dini ya mgombea haikuwazuia kumwamini.

Fedha za wageni

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo inaeleza vyema jinsi uchumi wa taasisi za Nabugoye ulivyojengeka. Mgeni anakuja, anaswali Sabato, anatembelea shule, anarudi kwao na kuchangisha. Sinagogi, kituo cha afya, karo na sehemu ya chakula cha wanafunzi vimetokana na mnyororo huo.

Udhaifu wake ulidhihirika kwa nchi nzima wakati wa janga la korona. Machi 2020 Uganda ilifunga anga yake kwa safari za abiria hadi Oktoba mwaka huo, na shule zikafungwa kikamilifu au kwa sehemu hadi Januari 2022, muda mrefu kuliko karibu nchi nyingine yoyote duniani. Taasisi yoyote iliyoishi kwa miguu ya mgeni ilijikuta haina mgeni. Shule yoyote iliyotegemea karo nayo haikuwa na mwanafunzi wa kulipa.

Tatizo hili si la Wayahudi wa Mbale pekee. Misheni za Kikristo na shule za Kiislamu kote Afrika Mashariki zinalifahamu. Tofauti ni kwamba hizo zina waumini wengi nchini wanaoweza kuchangia sadaka, na nyingi zina mashamba, majengo ya kupangisha au makao makuu yenye uwezo. Jumuiya ya watu 2,000, wengi wao wakulima wa jembe la mkono, haiwezi kukusanya sadaka ya kuendesha sekondari na kituo cha afya vinavyohudumia watu wengi kuliko idadi yake.

Kuna athari nyingine isiyosemwa mara nyingi. Fedha zinapoingia kwa njia ya dini, swali la nani ni muumini wa kweli huacha kuwa la kiroho tu. Ufadhili wa masomo, safari ya ng'ambo na ajira katika taasisi huwa na mvuto wake. Viongozi hulazimika kupambanua kati ya anayetaka Torati na anayetaka karo. Uamuzi wa kufungua shule na kituo cha afya kwa watu wote, mbali ya kuwa wa kiungwana, umesaidia kupunguza tatizo hilo: jirani hana haja ya kubadili dini ili mtoto wake asome au atibiwe.

Mlango wa Israel

Suala la kutambuliwa lina ngazi mbili. Wayahudi wa mkondo wa Masorti duniani waliwapokea Abayudaya mwaka 2002. Taifa la Israel ni jambo jingine. Sheria ya Kurejea ya mwaka 1950 humpa Myahudi yeyote haki ya kuhamia huko na kuwa raia, na aliyebadili dini naye amo. Lakini maofisa hutazama iwapo alibadili dini ndani ya jumuiya ya Kiyahudi inayotambuliwa.

Mwaka 2016 Wakala wa Wayahudi wa Israel, taasisi inayoshughulika na uhamiaji, uliitambua jumuiya ya Mbale. Wizara ya Mambo ya Ndani haikufuata mkondo huo. Mwaka 2018 ilikataa ombi la muumini mmoja aliyetaka kuhamia, kwa hoja kwamba haiitambui jumuiya hiyo kwa madhumuni ya uhamiaji. Mwaka huo huo kundi la vijana wa Abayudaya lilialikwa Israel katika ziara ya Taglit, inayoandaliwa kwa ajili ya vijana wa Kiyahudi wa nchi mbalimbali. Kwa maneno mengine, walikuwa Wayahudi wa kutosha kwa ziara ya siku kumi, lakini si kwa kuhamia.

Machi mosi, 2021, Mahakama ya Juu ya Israel iliamua kwa kura nane dhidi ya moja kwamba watu waliobadili dini ndani ya Israel kupitia mikondo ya Reform na Masorti wanastahili uraia. Uamuzi huo ulishangiliwa sana. Hata hivyo, uliwahusu waliobadili dini wakiwa ndani ya Israel. Haukutatua swali la watu waliopokewa katika dini wakiwa Nabugoye.

Wanaoutetea msimamo wa wizara husema kila nchi ina haki ya kulinda mlango wake, na kwamba kuhama kutoka nchi maskini kunaweza kufanywa kwa kisingizio cha dini. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini inapata shida mbele ya historia ya Mbale. Watu walioshika Sabato tangu mwaka 1919, miaka 29 kabla taifa la Israel halijazaliwa, hawakuwa na viza ya kuitafuta. Na waliokataa kuiacha dini hiyo chini ya Amin, wakati kuiacha kulikuwa na usalama zaidi, wametoa ushahidi ambao wengi waliozaliwa ndani ya dini hawajawahi kutakiwa kuutoa.

Suala la nani amtambue nani limeigawa pia jumuiya yenyewe. Kijiji cha Putti, nje ya Mbale, kilichagua mkondo wa Kiorthodoksi, ambao ndio wenye nguvu katika taasisi za kidini za Israel. Mwaka 2016 Rabi Shlomo Riskin wa Israel aliwapokea waumini wa huko kwa taratibu za mkondo huo. Hivyo watu wa asili moja, wenye mwasisi mmoja, sasa wana marabi, wafadhili na kanuni tofauti. Mgawanyiko ulioanzia Ulaya na Marekani umeota mizizi chini ya Mlima Elgon.

Kipimo cha kesho

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inalinda uhuru wa kuabudu na haina dini ya taifa. Kwa upande wa sheria, Abayudaya hawahitaji kibali cha mtu ili wawe walivyo. Majirani nao walikwisha kutoa hukumu yao, kwa kuwapelekea watoto shuleni, kwa kuunganisha nao mavuno, na kwa kuwapa kura.

Kinachobaki ni kazi isiyo na mbwembwe. Jumuiya inahitaji vyanzo vya mapato vilivyo Mbale kwenyewe: kahawa inayokobolewa na kukaangwa hapo hapo badala ya kusafirishwa ikiwa ghafi, karo inayolipika na wenyeji, kituo cha afya chenye makubaliano na serikali ya jiji, na walimu na wachinjaji wanaofundishwa nyumbani. Inahitaji pia maelewano kati ya Nabugoye na Putti, walau katika mambo ya shule na afya, ambayo hayana Masorti wala Orthodoksi.

Wizara ya Israel inaweza kubadili msimamo wake kesho, au isiubadili kwa miaka mingine mingi. Mabadiliko hayo yangekuwa haki kwa wanaotaka kuhama, lakini yasingelipa mshahara wa mwalimu wa Hadassah. Yangeweza hata kuondoa Mbale vijana wasomi ambao jumuiya hii inawahitaji kuliko wakati wowote. Hilo ndilo viongozi wa Nabugoye wanapaswa kulipima sasa: madai ya kutambuliwa yaendelee, kwa kuwa ni ya haki, lakini mpango wa maisha uandikwe kana kwamba jibu halitakuja.

Afadhali jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, wanasema Waswahili. Kwa miaka zaidi ya 100 Wayahudi wa Mbale wamekuwa na ndugu wa mbali wanaojadili iwapo ni ndugu. Majirani wa karibu hawakuhitaji mjadala huo, na ni pamoja nao ambapo shule, zahanati na ushirika vitasimama au vitaanguka.